Papa Asiyeng'ata: Uhakiki wa Mhusika wa Kilindini na Usomaji Wake katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Hadithi ya Kima, Papa na Punda wa Dobi imo katika mkusanyo ambao Edward Steere aliuandaa Unguja na kuuchapisha London mwaka 1870. Asili yake ni India, katika Panchatantra, ambamo anayemghilibu kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, iliyofasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, nafasi hiyo hushikwa na kobe. Msimulizi wa Unguja akamweka papa. Ni rahisi kuliona badiliko hilo kuwa la mandhari tu, lakini matini yenyewe inadai zaidi.

Mhusika huyu amebuniwa kutokana na papa wa kweli, ila ubunifu huo umechagua. Umechukua makazi ya maji makuu, tabia ya kusogea karibu na ufuko na uwezo wa kusafiri mbali. Umeacha meno. Papa huyu hamng'ati yeyote. Hula matunda anayotupiwa kutoka mtini, huona haya kupokea ukarimu bila kuulipa, na huko kwao ana sultani mgonjwa ambaye dawa yake ni moyo wa kima. Hatari yake imo katika umbali anaouweka kati ya kima na mti wake. Ndiyo maana anaitoa siri wakiwa katikati ya safari. Msomaji anayemwona mjinga kwa kujifichua mapema amesahau maji yaliyomzunguka kima: hapo hakuna pa kukimbilia, na silaha pekee iliyobaki ni maneno. Kima anadai kwamba jamii yake huiacha mioyo mitini inapotembea, na papa anamrudisha.

Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mwanafunzi anayezungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani hukutana na neno papa kitabuni tu. Maji anayoyajua ni ya Ruvubu, ya Kagera penye maporomoko ya Rusumo, au ya Ziwa Burigi. Mwalimu anaweza kushawishika kumrudisha mamba, na hoja yake si dhaifu, kwa kuwa mamba ndiye mhusika wa asili. Hata hivyo, mamba wa Mto Kagera huja na meno yake. Huua ukingoni, palepale watu wanapochota maji, na msikilizaji wa Ngara atashangaa kwa nini kima hakuliwa siku ya kwanza. Urafiki, ambao ndio kiini cha hadithi, utakosa kusadikika. Tena mtoni ng'ambo inaonekana. Safari huisha kabla ya siri kupata mahali pa kutolewa.

Itapingwa kuwa simulizi ya India ilimtumia mamba bila kuharibika. Ni kweli, lakini huko anayeutaka moyo ni mke wa mamba, na mvutano unabebwa na ndoa. Unguja imemwondoa mke na kumweka sultani wa mbali. Mzigo uliokuwa wa nyumba umehamia baharini. Anayebadili mnyama peke yake anaacha nusu ya kazi.

Njia inayofaa zaidi ni kumwacha papa na kukieleza kilindi kwa Ziwa Viktoria, ambalo sehemu ya ufuko wake ilikuwa ndani ya Biharamulo hadi Chato ilipofanywa wilaya yake. Mtu anayesimama ufukoni pake haoni ng'ambo, na hilo linatosha kumfahamisha msomaji woga wa kima.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyo dhaifu. Kima akiisha kupanda mtini, papa anabaki kuwa msikilizaji tu wa kisa cha punda, na msimulizi haonyeshi lolote la hali yake kwa sultani atakayerudi mikono mitupu. Hata hivyo udhaifu huo una mantiki yake: papa amesimama kwenye maji mafupi, na huko hana nguvu aliyopewa na kilindi.