Pongezi kwa Wapokea Machozi

Mgodi ulipobomoka karibu na Kolwezi tarehe 27 Juni 2019 na kuua wachimbaji zaidi ya 40, kila marehemu alikuwa na jamaa wa kuambiwa. Watu wa Musonoi, karibu na Kolwezi, wanaijua kazi hiyo ya kupeleka habari za msiba: mhudumu wa ustawi wa jamii, benchi la hospitali, mjane, na hasira isiyo na pa kwenda. Wapo wasemao matusi na makofi ni sehemu ya kazi, kwani mfiwa hana kosa. Uchungu wake naukubali. Lakini si kila anayemshambulia mhudumu ni mfiwa: waliomuua Daktari Richard Mouzoko, aliyekuwa akipambana na Ebola, hospitalini Butembo, Aprili 2019, hawakuwa wafiwa. Walikuwa watu wenye silaha. Huruma haimlindi mhudumu, wala haimwondolei hofu aendayo nayo nyumbani. Wakuu wa hospitali za Lualaba, mpeni mhudumu huyo mlinzi mlangoni na mtu wa kumsikiliza.