Mkono Unaofuata Pumzi

Tangu Theodor Billroth alipoondoa zoloto lote, yaani kisanduku cha sauti, la mgonjwa wa saratani mjini Vienna, siku ya mwisho ya mwaka 1873, wamekuwapo watu ambao pua zao hazifiki tena mapafuni. Hewa yao huingia kwa tundu lililoachwa shingoni na kushuka moja kwa moja kifuani. Muuguzi mwenye haraka atamchokonoa pua mtu kama huyo, ataandika kuwa hana virusi, na ugonjwa utaendelea kutafuna huko chini.

Wakati wa korona madaktari waliandika habari za wagonjwa wa namna hii: pua ilikanusha, koo la hewa likakiri. Ndiyo maana anayeijua kazi huchukua sampuli mbili, ya puani na ya tunduni, kila moja na kichupa chake na jina lake. Lakini kwanza huuliza kama zoloto liliondolewa lote. Aliyetobolewa koo na kuwekewa bomba huku zoloto likiwa bado lipo ni habari nyingine, kwa kuwa kwake pua bado inaweza kuwasiliana na mapafu.

Baada ya hapo ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Mgonjwa huketi, kidevu kikiwa juu kidogo. Kwa kuwa hawezi kupiga kelele, hukubaliana na muuguzi ishara ya mkono ya kusema acha. Ukoko uliokauka ukingoni huondolewa kwanza, la sivyo utapima ukoko. Muuguzi husimama ubavuni, kamwe si mbele, maana kikohozi cha mtu huyu hutokea shingoni na hufyatuka usawa wa uso wa anayemhudumia. Kijiti chembamba chenye nyuzi za kutengenezwa, si cha mbao wala cha pamba, huingia bila kugusa ngozi, huzungushwa taratibu kwenye ukuta wa koo la hewa, kisha hutoka. Kukawia hapo ni kosa: tundu hilo ndilo mlango wake pekee wa pumzi. Mwenye makohozi mengi hufyonzwa kwa mpira mwembamba safi, ingawa makohozi mazito huisumbua mashine ya maabara. Kwangu mimi, kule kusimama ubavuni ndiko kunakomtofautisha fundi na mwanagenzi.

Sasa lete kazi hiyo Kabambare, mkoani Maniema, Kongo. Barabara ya kwenda Kasongo, na kutoka hapo hadi Kindu, mvua huigeuza matope, na maabara kubwa za INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ziko Kinshasa na Goma. Kichupa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kufika ndani ya saa 72 hivi. Sampuli iliyochukuliwa vibaya mjini hurudiwa kesho yake. Huku, pikipiki ikishaondoka na kisanduku cha barafu, imeondoka. Vipimo vingi vya haraka navyo vimetengenezwa kwa ajili ya pua, hivyo jibu lake la "hakuna" lisiaminiwe kwa sampuli ya shingoni.

Kama una ndugu anayepumulia shingoni, mwambie muuguzi kabla hajafungua kijiti: apime na pua, na tundu.