Beit al-Ajaib Ukutani: Haraka ya Mchoraji na Haki ya Historia

Katika kumbi nyingi za jamaa zetu, Muscat kama London, hutundikwa picha ya rangi ya Forodhani: jahazi limetweka tanga, nyuma yake Beit al-Ajaib na mnara wake wa saa, na jua linazama juu ya paa. Picha inapendeza, lakini mara nyingi ina makosa mawili ambayo mtu wa Unguja hapaswi kuyaachia yapite.

La kwanza ni jua. Uso wa jumba hilo unaelekea baharini, upande wa magharibi. Anayelitazama kutoka majini ameipa magharibi mgongo, hivyo jua la jioni haliwezi kuzama nyuma ya paa. Hulipiga jumba usoni, likaingia chini ya roshani na kuangaza ukuta wa ndani uliokuwa kivulini tangu asubuhi.

La pili ni mnara. Jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883 halikuwa na mnara usoni. Mnara ulisimama peke yake mbele, karibu na bahari, na ubavuni palikuwa na Beit al-Hukm. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliviharibu vyote viwili. Mwaka uliofuata ndipo Beit al-Ajaib ilipopata mnara wake. Basi picha iitwayo ya zama za Barghash, nayo ina mnara huo, imeifuta mizinga ile bila ya kukusudia.

Wachoraji hawa rangi wanazijua; kinachowaponza ni haraka. Jengo ndani ya mandhari hutaka subira: kwanza upeo wa bahari, kisha kimo cha jumba kwa kulipima na majirani zake, kisha nguzo za chuma zihesabiwe moja moja, ndipo ije rangi nyepesi, ikauke, ifuate nyengine. Anayehesabu nguzo hufika mahali akauliza: hii inabeba nini, na iliwekwa lini?

Mtaliana Bernardo Bellotto aliichora Warsaw kwa subira hiyo katika miaka ya 1770. Mji ulipobomolewa katika Vita Vikuu vya Pili, walioujenga upya walizirejea picha zake. Hata hivyo, baadhi ya majengo aliyapamba kuliko yalivyokuwa, kwa hiyo naye husomwa kwa tahadhari.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu 2 wakafariki. Tangu siku hiyo kila picha ya jumba lile imekuwa ushahidi, na watoto wetu waliozaliwa ugenini wataujua mji kwa picha hizo. Mwenye kuagiza picha na amuulize mchoraji: ni mwaka gani, na ni saa ngapi ya mchana? Na aliyerithi ya zamani aandike nyuma yake anachokijua, kabla wenye kukumbuka hawajatutoka.