Hongereni, Madereva wa Desemba

Kila Desemba Wachagga wa Dar es Salaam hufunga safari kwenda Kilimanjaro, na sisi tuliooa huko tunaongozana nao. Sifa huwaendea wenyeji walioandaa mbege na mbuzi. Mimi leo nawapongeza madereva wa mabasi na makondakta wao.

Saa kumi na moja alfajiri, kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis kimefurika. Kondakta, jasho likimtiririka, anapanga mizigo kwenye buti: viroba vya mchele, madumu ya mafuta, televisheni ya bibi iliyoviringishwa kwenye shuka. Nilimwona mmoja akimpokea mama mtoto aliyelala, akampandisha ndani taratibu asije akaamka, kisha akarudi kupambana na mabegi. Hakuna aliyemtuma.

Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu Same, milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia. Abiria wanahimiza, dereva anakataa kulipita lori kwenye kona. Huo ndio ustadi ninaouheshimu, kuliko mbio zote.

Na yeye ana familia. Asubuhi ya Krismasi, sisi tukiwa kanisani, anageuza basi kurudi Dar, maana kuna wengine wanamsubiri. Mwaka jana nilimsikia dereva wetu akimwambia mwanawe kwenye simu, “Baba, nivumilie kidogo, viatu vyako ninavyo.” Akaiweka simu mfukoni, akainama kukagua matairi.