Iache Ilale

Nilipofika Buyenzi na Corolla yangu ya mwaka 1988, jibu nilikuwa nalo tayari: bieli, mkono wa pistoni, imekufa. Jirani alisema bieli, shemeji akasema bieli, na dereva mmoja wa teksi aliyenisikia nikipanda Kiriri alishusha kioo kunipa pole. Fundi hakufungua hata boneti. Aliuliza inagonga saa ngapi: ikiwa baridi au ikishapata moto? Kwenye tambarare au mlimani? Ukiachia mafuta, inanyamaza? Kisha akauliza jambo ambalo mimi niliona halihusiani: "Esansi umenunua wapi?"

Kwenye chupa, nikamjibu, kama watu wengi siku hizi stesheni zikiwa kavu.

"Iache ilale hapa. Kesho njoo alfajiri, mzee, tuiwashe pamoja."

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu Bujumbura ikiitwa Usumbura. Avenyu zake huitwa kwa namba, adhana na nyundo hupokezana, na ukiuliza vizuri utapata kipuri cha gari ambalo waliolitengeneza wameshalisahau. Kijana huanza kwa kuosha vyuma kwa mazutu, huhamia kushika taa, na siku moja huambiwa aguse. Sipendi masimulizi yanayogeuza uhaba wa vifaa kuwa sifa. Fundi wangu angepewa mashine ya kusoma hitilafu angeipokea kwa mikono miwili. Lakini gari la karabureta halina pa kuichomeka. Kuna kipande cha mpira tu, urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine ikitembea juu ya injini.

Alfajiri aliwasha gari likiwa limepoa kabisa, maana kuna kelele zinazoishi dakika tano tu. Pistoni iliyolegea hugonga chuma kikiwa baridi, kikitanuka kwa joto hunyamaza. Ukileta gari saa nne, umeshauua ushahidi. Vali zina sauti nyepesi ya juu, kama cherehani. Bieli hugonga chini, nzito, kama ngumi kwenye geti. Aliupitisha mpira polepole, akirudi nyuma, akisimama mahali ambapo mimi sikusikia lolote. Injini ilipopata moto akachukua kitambaa, akaanza kuchomoa nyaya za buji, mmoja baada ya mwingine, huku msaidizi akikanyaga mafuta kidogo. Silinda ikikatiwa moto, hakuna tena mlipuko wa kuisukuma bieli yake, na bieli mbovu hapo hupunguza kelele. Kila waya ulipotoka injini ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Sauti haikubadilika.

"Si bieli," akasema. Ni nini basi, hakusema.

Tukapanda barabara ya Bugarama. Kutoka ufukwe wa Tanganyika, mita zisizofika 800 juu ya bahari, njia hiyo inakupeleka zaidi ya mita 2,000 kwa kama kilomita 35, na hakuna kipimo cha injini kikali zaidi ya hicho mjini kwetu. Kwenye kona za mwanzo ukaja ule mlio, mkavu, wa haraka, mbegu ndani ya kibuyu. Fundi akazima redio. Tulivyozidi kupanda mlio ukafifia, nami nikafurahi. Yeye akatikisa kichwa. Bieli haijali urefu wa mlima, lakini mlipuko unajali: huko juu hewa ni nyepesi, mgandamizo ndani ya silinda unashuka.

Katika injini nzima, moto huanzia kwenye buji na kusambaa kwa utaratibu. Joto na mgandamizo vikizidi, mafuta ambayo moto haujayafikia hulipuka yenyewe, na pistoni hupigwa kabla ya zamu yake. Ndiyo maana Mmarekani Thomas Midgley na wenzake mwaka 1921 walitia risasi kwenye petroli: ilizuia mlipuko huo, ikatia sumu hewa ya dunia nzima. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imetoka. Viwanda vilipata njia nyingine za kuifanya petroli istahimili. Muuza chupa anayeongeza mafuta ya taa huirudisha nyuma kazi yote hiyo kwa kikombe kimoja.

Nilidhani basi tumemaliza: esansi mbaya. Lakini kabla ya Bugarama gari likaanza kukosa pumzi, likazima. Nikashika mlango nishuke. "Kaa," akasema, akatazama saa. Baada ya dakika kumi akaniambia niwashe. Likawaka, likaenda kama halijawahi kuugua. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza.

Tuliporudi uani alichomoa buji zote nne, akazipanga kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio wa silinda zao. Buji yenye afya ina rangi ya biskuti. Yenye mafuta mengi huwa na masizi. Zangu zilikuwa nyeupe kama chokaa, zote nne. Ingekuwa moja, alinieleza, angetafuta mahali hewa inapoingilia karibu na silinda hiyo. Nne ni njaa ya pamoja. Mafuta machache kwa hewa nyingi huzidisha joto, na joto huleta ule mlio. Kugonga na kukosa nguvu, ambavyo mimi niliviona kama magonjwa mawili, vilikuwa ugonjwa mmoja.

Akavua mpira wa mafuta kwenye karabureta, akautia ndani ya chupa tupu ya maji, akatoa waya wa koili ili cheche isiruke, msaidizi akapiga stata. Esansi ilikuja kwa mikupuo mizito. Sita, saba. Kisha ikawa uzi. Akafungua kifuniko cha tangi, asikie kama linavuta hewa, kimya. Akapuliza bomba kurudi nyuma mpaka tangi likabubujika. Stata tena: mikupuo mizito, kisha uzi. Chupa aliiweka ukutani, akaenda kunywa chai. Aliporudi, chini ya esansi palikuwa na mstari wa maji, na chini ya maji vumbi jekundu la kutu.

Filta nilikuwa nimebadilisha mara mbili. Haikuwa na kosa. Uchafu ulikuwa kwenye chujio la ndani ya tangi: pampu ikivuta unajibandika, injini ikizima unajiangukia taratibu. Zile dakika kumi.

Kuliosha tangi kulichukua nusu siku, na sina la kusimulia kuhusu hilo.

Kesho yake tulipanda tena, redio ikiwa imezimwa kwa amri. Kona za mwanzo zikapita. Bugarama fundi akashuka kununua karoti na kabeji. Wakati wa kurudi nikamwuliza kama anasikia chochote. Hakujibu. Nilipogeuka, kabeji ilikuwa mapajani mwake na kichwa kimeegemea kioo, amelala.