Glasi Inayoteleza: Jinsi Maji Yanavyoamsha Ufa

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, dakika chache baada ya saa mbili usiku, ardhi ilitikisika na watu wa Mombasa wakaisikia. Tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilikuwa limetokea baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, na mtikisiko wake ukapanda mwambao mzima hadi kwetu. Kesho yake mzee jirani yangu hapa Likoni aliniuliza: "Mwanangu, hawa watoboao ardhi kutafuta mafuta, si wao watutikisao?"

Nilimjibu hapana, na kwa tetemeko lile jibu ni hilo. Lilitoka kwenye nyufa za asili chini ya Bahari ya Hindi, tawi la baharini la Bonde la Ufa. Lakini mzee alistahili jibu refu zaidi, kwa sababu ziko sehemu duniani ambako binadamu ameitikisa ardhi kwa kusukuma maji ndani yake, na Kenya ni nchi inayorudisha maji ardhini kila siku.

Glasi ya mama wa chai

Jibu refu linaanzia kwenye glasi. Ingia kibanda chochote cha chai Changamwe, hapa Mombasa, asubuhi, madereva wa malori wakisubiri zamu zao. Mama anasuuza glasi kwa maji ya moto na kuifudikiza juu ya meza ya bati iliyolowa. Glasi inatulia kidogo, kisha inaanza kuteleza yenyewe kuelekea ukingoni, na hakuna aliyeigusa. Mama anainua mdomo wake kidogo kwa ncha ya kidole, hewa inatoka, glasi inakaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini. "Imejaa pumzi," akaniambia. "Itoe pumzi, yatulia."

Uzito wa glasi ni uleule na mwinamo wa meza ni uleule. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo iliyopata moto, ikatanuka, ikabeba sehemu ya uzito wa glasi. Uzito unaolalia meza ukapungua, na msuguano ukapungua nao. Mwaka 1959 wanajiolojia wawili wa Marekani, M. King Hubbert na William Rubey, waliandika kwamba miamba hufuata kanuni hiyohiyo, wakaionyesha kwa kopo tupu la bia lililopoozwa na kufudikizwa juu ya kioo.

Ufa chini ya ardhi ni kuta mbili za mwamba zilizobanana. Nguvu za dunia zinausukuma ukuta mmoja huku na mwingine kule kwa maelfu ya miaka, na kinachozizuia zisiteleze ni msuguano. Ndani ya mwamba mna vitundu vidogo vyenye maji. Maji yale yakiongezwa presha, hubeba sehemu ya ule mbano, kuta zikalegea, na siku moja zikateleza. Nguvu inayotikisa nyumba ilikuwa imejilimbikiza humo tangu zamani. Maji yanaachia breki tu.

Denver, kisha Rangely

Uwezo huu wa maji kuamsha ufa uligunduliwa bila kukusudiwa. Mwaka 1961 jeshi la Marekani lilichimba kisima cha mita 3,671 karibu na Denver, Colorado, ili kutupa humo majitaka ya kiwanda cha silaha za kemikali. Kazi ya kusukuma ilianza Machi 1962, na mwezi uliofuata matetemeko madogo yakaanza kurekodiwa katika eneo lisilokuwa na sifa hiyo. Novemba 1965 mwanajiolojia David Evans aliweka hadharani michoro miwili: kiasi cha maji kilichoingia kisimani kila mwezi, na idadi ya matetemeko ya kila mwezi. Mistari ile ilipanda pamoja na kushuka pamoja. Kisima kilifungwa Februari 1966. Hata hivyo, tetemeko kubwa kuliko yote, lenye ukubwa wa karibu 5, lilipiga Agosti 1967, mwaka mmoja na nusu baadaye. Presha ilikuwa bado inasafiri polepole ndani ya miamba.

Michoro inayofanana ni dalili nzito, ila bado si ushahidi kamili. Ushahidi ulipatikana Rangely, kaskazini-magharibi mwa jimbo hilohilo, kwenye uwanja wa mafuta ambako maji yalikuwa yakisukumwa ardhini tangu 1957 ili kuyasogeza mafuta kuelekea visimani. Matetemeko madogo yalikuwa yakitokea pale. Kuanzia 1969, wanasayansi wa taasisi ya jiolojia ya Marekani, wakiongozwa na C. B. Raleigh, J. H. Healy na J. D. Bredehoeft, walifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa: waliamua kuyawasha na kuyazima matetemeko kwa makusudi.

Mpangilio wa kazi yao unafaa kufundishwa vyuoni. Kwanza walitandaza vipima-mitetemo kuzunguka uwanja ule ili kila mtikisiko ujulikane umetoka wapi na kwa kina gani, na ramani ikaonyesha kwamba mitikisiko imejipanga kando ya ufa mmoja. Pili walichukua vipande vya mwamba wenyewe, wakavipeleka maabara na kupima msuguano wake. Tatu walipima ndani ya kisima ardhi imebanwa kwa nguvu kiasi gani, na kutoka upande upi. Kwa vipimo hivyo walikokotoa presha ambayo ufa ungeanza kuteleza: karibu baa 257, zaidi ya mara 100 ya presha ya tairi la gari dogo. Hesabu ilitoka kwenye vipimo vya mwamba, si kwenye idadi ya mitikisiko yenyewe, na hapo ndipo penye uzito wake. Anayetabiri kwa vipimo anaweza kukosea mbele za watu. Anayeeleza baadaye hakosi sababu.

Wakashika koki pia. Novemba 1970 waligeuza visima vinne na kuyatoa maji badala ya kuyaingiza. Presha ikashuka, na mitikisiko karibu na visima ikakoma. Wakarudisha maji na kuipandisha presha juu ya kiwango kile, mitikisiko ikarudi. Mwaka 1973 wakatoa maji tena, na ardhi ikanyamaza tena. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1976. Yule mama wa Changamwe angewaelewa bila tafsiri: waliinua mdomo wa glasi, pumzi ikatoka.

Walipokosea wengine

Ukiijua Rangely, ni rahisi kuona wengine walikosea wapi. Huko Oklahoma, makampuni ya mafuta yalitupa majichumvi yanayotoka na mafuta katika tabaka jingine la chini zaidi, lililolala juu ya mwamba mgumu wenye nyufa za kale. Kabla ya 2009 jimbo lile lilikuwa likipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalifika karibu 900, na Septemba 2016 mji wa Pawnee ukapigwa na lile la 5.8. Serikali ya jimbo ilipopunguza kiasi cha maji kinachotupwa, matetemeko nayo yakapungua.

Uswisi ilikuwa ikitafuta joto la ardhini kwa ajili ya umeme. Desemba 2006, mjini Basel, maji yapatayo mita za ujazo 11,500 yalisukumwa kwa nguvu katika kisima cha kilomita 5 ili kupasua mwamba mkavu wenye joto. Mitikisiko ilipozidi, wahandisi walisimamisha pampu, kama kanuni zao zilivyowataka. Saa chache baadaye likaja tetemeko la 3.4, nyufa zikaonekana katika kuta za nyumba, na mwaka 2009 mradi ukafutwa. Pohang, Korea Kusini, palikuwa pabaya zaidi. Tarehe 15 Novemba 2017 tetemeko la karibu 5.5 lilijeruhi watu wengi na kubomoa majengo, na Machi 2019 jopo la serikali lilihitimisha kwamba kisima cha jotoardhi kilikuwa kimeuamsha ufa ambao wahandisi hawakuwa wameutambua.

Kanuni ya kusimamisha pampu ardhi ikitikisika inafanana na taa nyekundu barabarani. Denver na Basel zinatuonyesha udhaifu wake: ukizima pampu, presha iliyokwisha kuingia inaendelea na safari. Breki ya lori inakanyagwa kabla ya kona.

Turudi nyumbani

Takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye jotoardhi, na taa ya Kisauni, hapa Mombasa, inachota sehemu ya mwanga wake Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981. Visima hutoa mvuke pamoja na maji ya moto. Mvuke huzungusha mitambo, na maji hurudishwa ardhini ili hifadhi isikauke. Hali ya Olkaria ni tofauti na ya Basel. Mwamba wake tayari una njia za asili ambamo maji na mvuke hupita, kwa hiyo hakuna haja ya kuupasua kwa presha kubwa, tena kinachorudishwa kilitoka humohumo. Lakini maji yaliyopoa yakikutana na mwamba wenye joto kali, mwamba husinyaa na mbano wake hubadilika. Kwenye uwanja wa jotoardhi wa The Geysers, California, maji yanayorudishwa huambatana na maelfu ya mitikisiko midogo.

Changamwe ina sehemu yake katika habari hii. Kuanzia Juni 2018 malori yalileta mafuta ghafi ya Lokichar, Turkana, hadi kwenye matangi ya kiwanda cha zamani cha kusafishia mafuta kilichoacha kazi hiyo mwaka 2013. Agosti 2019 mafuta hayo yakapakiwa melini, shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Kenya kwenda nje. Mpango wa kuyatoa mafuta yale kwa wingi unategemea kusukuma maji visimani, na maji yametajwa kutoka bwawa la Turkwel. Ni kazi ileile ya Rangely.

Si lazima kusukuma maji kulete tetemeko. Maji yakiingia kwa kiasi kinacholingana na mafuta yanayotoka, presha hubaki karibu na ilivyokuwa. Hatari huanza presha ikivuka kiwango cha asili, au maji yakitupwa katika tabaka lisilotolewa kitu. Lakini Bonde la Ufa ni ardhi ambayo tayari inavutwa na nguvu za dunia. Mwaka 1928 Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9, na wakati ule hakukuwa na kisima wala pampu ya kazi hii.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu za kabla zina thamani kuliko ahadi yoyote. Vipima-mitetemo vikisimikwa baada ya pampu kuwashwa, hakuna atakayejua mtikisiko upi ni wa Mungu na upi ni wa mkono wetu. Mwenye mradi atasema ni wa asili, mwananchi atasema ni wa mradi, na wote wawili watakosa cha kushika. Basi mradi wa namna hii ukija kwenye kikao cha maoni ya wananchi, tuombe vitu vitatu: rekodi ya mitikisiko ya miaka kabla ya maji, ramani ya nyufa zinazojulikana, na presha ya kila kisima ikichapishwa kila mwezi pamoja na idadi ya mitikisiko, kama michoro ya Evans.

Mzee wa Likoni nimemrudia na jibu hili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: hiyo rekodi ya kabla, ni nani anayeiandika leo? Swali hilo nimeliweka hapa kama lilivyo, kwa sababu wa kulijibu ni wale watakaoshika koki.