Fumbo na Pengo: Makisio ya Wasomaji wa The Order of the Stick

Si haba wahakiki wanaoiona hadithi ya katuni kuwa ni mchezo wa watoto, na ile inayotolewa kwenye mtandao kuwa ni duni zaidi. Hatutapoteza nafasi kuijibu rai hiyo. Tunalokusudia kulitazama katika makala haya ni jambo mahsusi: wasomaji wanapokutana na tukio ambalo msanii amelitoa bila maelezo, hulijazaje? Na je, kila pengo lililomo hadithini ni fumbo linalodai jibu?

Mfano wetu ni The Order of the Stick, kazi ya Mmarekani Rich Burlew, aliyeanza kuitoa mwaka 2003. Sehemu zake zimekwisha kupita 1,200. Wahusika wamechorwa kwa mistari michache tu, kama watoto wachoravyo watu mchangani, na ulimwengu wao umejengwa juu ya kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huigiza mashujaa, wachawi na makasisi, na kufaulu kwao huamuliwa kwa kurusha dadu. Roy Greenhilt na wenzake watano wanapambana na Xykon, mchawi aliyekwisha kufa lakini anayeendelea na maovu yake akiwa mifupa mitupu. Hadithi hutoka kidogo kidogo, na pengine husimama kabisa: mwaka 2012 Burlew aliumia mkono, kazi ikalala kwa miezi kadhaa. Katika kungoja kwa namna hiyo ndimo yanamozaliwa makisio. Wasomaji wenyewe huyaita nadharia. Sisi tutayaita makisio, maana neno nadharia lina mzigo mwingine katika idara zetu.

Tuanze na utabiri, kwa sababu hapo ndipo Burlew anapoonyesha ustadi wake mkubwa. Mashujaa wanamwendea mtabiri mmoja mwenye umbo la mjusi, na kila mmoja anauliza swali lake. Durkon Thundershield, kasisi wa jamii ya watu wafupi wa milimani, anatamani kurudi kwao. Hajui kwamba alifukuzwa kwa sababu kulitabiriwa kuwa siku atakayorudi atakuja na kifo na maangamizi. Anauliza, basi, atarudije nyumbani. Anajibiwa kwamba atarudi baada ya kufa. Ajabu ni kwamba jibu hili linamfurahisha: ana hakika sasa kuwa atazikwa pamoja na wazee wake.

Msomaji wa kawaida alikwisha kuiona picha hapo: maiti, jeneza, wenzake wakilia. Lakini kulikuwa na wasomaji waliogoma kuipokea. Waliliweka jibu la mtabiri kando ya ule utabiri wa kwanza, wakauliza maiti iliyolala jenezani itawezaje kuleta maangamizi. Baadhi yao wakakisia kwamba Durkon atarudi akitembea kwa miguu yake, hali yu mfu. Na ndivyo ilivyokuwa. Durkon anauawa na mnyonya damu aitwaye Malack, aliyekuwa rafiki yake. Mwili wake unainuka ukitawaliwa na roho nyingine ovu, na ni mwili huo unaokwenda kwao. Kila neno la mtabiri lilikuwa kweli. Uwongo ulikuwa katika picha aliyojichorea msomaji mwenyewe.

Makisio ya namna hii tunayahesabu kuwa ni uhakiki hasa, wala si porojo. Yana nidhamu ya ushahidi: yanatoka katika maneno ya matini, yanaunganisha sehemu zilizotengana kwa miaka, na yanaweza kushindwa. Hata utabiri uliotolewa juu ya Belkar Bitterleaf, kwamba atavuta pumzi yake ya mwisho kabla ya mwaka kwisha, umewafanya wasomaji walipime neno pumzi kwa uangalifu ambao tungependa kuuona kwa wanafunzi wetu wanapolisoma shairi. Mfu anayetembea, wanasema, havuti pumzi.

Ama kuhusu kiumbe aliyefichwa gizani, hapo hatukubaliani na wengi. Xykon ana mtumishi ambaye hatuonyeshwi umbo lake. Tangu mwanzo amewekwa katika giza, baadaye chini ya mwavuli, na tunaona macho yake tu. Ana nguvu za kutisha: katika mchezo wa kushindana nani atapiga pole zaidi, alimpiga shujaa Miko pamoja na farasi wake, wakatoka nje kupitia ukutani. Tena, siku moja, mateka O-Chul na mchawi Vaarsuvius walipokuwa karibu kuuawa, kiumbe huyu aliwatorosha kwa uwezo ambao hatukuelezwa ni upi. Wasomaji wameyakusanya matukio haya, wakafungua vitabu vya kanuni za Dungeons & Dragons, na kumtafuta mnyama ambaye sifa zake zinalingana. Ni kazi ya bidii, na hatukani kwamba msanii mwenyewe ameichochea, kwa kumfanya Xykon amhifadhi kiumbe huyo kwa ajili ya saa ya kushtua. Kitendawili kimetegwa, anayetega anadaiwa jibu.

Hata hivyo, jina la mnyama likijulikana, tutakuwa tumejua nini? Kiumbe huyu ana moyo wa kitoto, hupenda kula, na alizoeana na O-Chul ambaye alikuwa kifungoni akiteswa. Aliwatorosha mateka kwa sababu ya urafiki huo. Swali lililo zito ni atasimama upande gani siku atakapotambua kwamba anaowatumikia ni waovu. Jibu la swali hilo halimo katika orodha yoyote ya wanyama. Mkisiaji anayeacha tendo na kuhesabu makucha amekuwa karani wa hadithi.

Pengo la tatu ni la aina nyingine kabisa, nalo linatuhusu sisi watu wa lugha. Vaarsuvius, mchawi wa jamii ya wenye masikio marefu, hajulikani kama ni mwanamume au ni mwanamke. Mwenzi wake wa ndoa, Inkyrius, hajulikani vilevile, na watoto wao ni wa kulea. Wasomaji wamebishana juu ya suala hili kana kwamba kuna ushahidi uliofichwa mahali. Sisi twaona kwamba hakuna kilichofichwa. Pengo hili limefumwa kwa sarufi ya Kiingereza, lugha ambayo kiwakilishi chake cha nafsi ya tatu umoja humlazimisha msemaji kuchagua jinsia. Kulikwepa chaguo hilo ndiko kunakomfanya msomaji aone kuna siri.

Ifasiri hadithi hii kwa Kiswahili, na siri yafa katika ukurasa wa kwanza. Vaarsuvius anasema, anakwenda, anakasirika. Kiambishi *a-* hakimuulizi mtu jinsia yake. Msomaji wa Lamu au wa Kisumu angeweza kupita sehemu mia asione kwamba amenyimwa chochote. Lakini mfasiri asifurahi mapema. Inapotajwa ndoa, Kiswahili nacho kinadai chake: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Mfasiri atakimbilia *walioana*, au *walifunga ndoa*, na kwa masimulizi yatamfaa. Katika mazungumzo itakuwa vigumu zaidi, kwa maana Mswahili anayemuuliza mgeni habari za ndoa yake atasema *umeoa?* au *umeolewa?*, na mhusika anayeuliza kwa kuzunguka, *una mwenzi?*, atasikika kuwa anakwepa. Hapo ndipo msomaji wetu, aliyepita viwakilishi vyote bila kushtuka, atasimama kwa mara ya kwanza na kuuliza Vaarsuvius ni nani.